Mrejesho: Yule sajini wa KAR mwenye Victoria Cross

Wakuu, niliuliza hapa juu ya Nigel Leakey, mzaliwa wa Kiganjo aliyesoma Bromsgrove kule Uingereza: hiyo Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, aliipataje akiwa na askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki)? Asanteni mlionielekeza kwenye maelezo rasmi ya nishani. Nimeyasoma.

Ilikuwa tarehe 19 Mei 1941, Kolito, Ethiopia. Kikosi chake, cha 1/6 KAR, chenye asili ya Tanganyika, kilikuwa kimevuka mto Billate. Mara vifaru vya Waitaliano vikawatokea, kimoja kwa nyuma. Leakey akarukia juu ya hicho cha nyuma, akaung'oa mfuniko kwa nguvu, akawapiga kwa bastola kamanda na wenzake, akambakiza dereva tu na kumlazimisha akifiche kifaru. Akajaribu mzinga wake, ukagoma. Basi akashuka, akaenda kuvizia vifaru vingine kwa miguu, yeye, sajini meja na askari wawili Waafrika. Viwili vikapita, akadandia cha tatu, akafungua mfuniko wake na kuua mmoja wa waliokuwa ndani. Cha nne kikammiminia risasi.

Nishani ilitangazwa Novemba 1945, yeye akiwa ameshakufa. Jina lake liko kwenye mnara wa kumbukumbu, makaburi ya vita ya Nairobi.

Kinachoniudhi ni kimoja: maelezo yale hayawataji majina wale askari wawili, na walikwenda na silaha za mkono dhidi ya vifaru vilevile. Mwenye fununu yoyote kuwahusu anishtue.