Mpangaji wa chumba amehama na kuacha uharibifu: nimdai kwa njia gani?

Mama wa Kisauni
Habari zenu, ndugu zangu. Nina chumba cha uani hapa Kisauni, Mombasa, nilichompangisha kijana mmoja kwa miaka mitatu kwa kodi ya shilingi 8,000 kwa mwezi, naye alitanguliza amana ya mwezi mmoja. Kodi hakunisumbua hata mara moja. Lakini alipohama nilikuta sinki limepasuka, kitasa cha mlango kimeng'olewa, na vigae vya sakafu vimeungua na kuachia nyufa mahali alipokuwa akiweka jiko la makaa. Fundi amenipigia hesabu ya shilingi 21,500, ikiwemo 6,000 ya kupaka rangi upya. Nikikata amana zinabaki 13,500, na kila nikimpigia simu hujibu kwamba atalipa Mungu akijalia. Friji yake bado imo ndani, na jirani ananishauri niizuie mpaka alipe. Je, nina haki hiyo?

Karani Mstaafu
Mama, shikamoo. Friji hiyo mrudishie, na akiichukua atie sahihi kwamba ameipokea. Sheria ya Kenya inayoruhusu kukamata mali ya mpangaji inahusu malimbikizo ya kodi peke yake, na hata hapo kazi hufanywa na dalali mwenye leseni, si mwenye nyumba kwa mkono wake. Kijana huyu hadaiwi kodi. Ukiizuia friji, yeye ndiye atakayekuwa na la kukushtakia, na madai yako ya haki yataingia doa.

Mwandikie barua ya madai inayotaja kila kilichoharibika na gharama yake, umpe siku 14, kisha umtumie na nakala kwa simu ili ibaki kumbukumbu. Akinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya uharibifu wa mali. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili na kujieleza kwa Kiswahili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60.

Mpangishaji wa Likoni
Nakubaliana na mzee, ila hesabu yenyewe inanitia wasiwasi. Rangi iliyokaa miaka mitatu huchakaa hata chumba kikikaliwa na mtu mwangalifu kupita kiasi, na uchakavu wa kawaida ni mzigo wetu sisi wenye nyumba. Iondoe hiyo 6,000. Zitabaki 15,500, na ukikata amana utakuwa unadai 7,500, kiasi ambacho unaweza kukitetea mbele ya mtu yeyote. Sinki nalo, kama lilikuwa la zamani, usimtoze bei ya lililo bora kuliko lile.

Mama wa Kisauni
Marahaba, na nawashukuru nyote. Rangi nitaiacha. Swali langu la mwisho ni kuhusu matengenezo: nina mtu anayetaka kuhamia, nami naogopa kwamba nikitengeneza sasa nitakuwa nimefuta ushahidi.

Karani Mstaafu
Tengeneza, mama, usipoteze kodi kwa kungoja. Kabla fundi hajagusa kitu, piga picha ya chumba kizima, kisha ya kila uharibifu kwa karibu, pale palipoungua na matundu ya kitasa, huku jirani mmoja akishuhudia. Fundi akuandikie risiti yenye jina lake, nambari ya simu, na bei ya vifaa ikitengwa na ya ufundi. Kama una picha za chumba za siku alipoingia, hizo ndizo zitakazokupa nguvu, kwa kuwa jambo la kwanza atakalodai ni kwamba alikikuta hivyo hivyo.

Na akiomba kulipa kidogo kidogo, mkubalie, lakini kwa maandishi yanayosema anakiri deni la 7,500 na atakuwa akilipa kiasi gani kila mwezi, mtie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na fedha zipitie M-Pesa badala ya mkononi.