Tupeane uzoefu: malaria, kuanzia kwa mgonjwa hadi kwenye rejesta

Ndugu zangu, naomba kila aliyewahi kuuguza, kutibu au kuandika takwimu za malaria atueleze aliyoyaona. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 ugonjwa huu uliua watu wapatao 597,000, wengi wao watoto wa Afrika wasiofikisha miaka mitano, ilhali fedha zilizopatikana zilikuwa takribani dola bilioni 4 kati ya bilioni 8.3 zilizohitajika. Fedha zikiwa chache hivyo, kinachoamua ziende wapi ni kile kilichoandikwa.

Naanza mwenyewe. Ninasimamia takwimu za vituo kadhaa vya afya, na jambo ninalokagua kwanza ni waliopimwa, waliokutwa na vimelea na waliopewa dawa mseto, yaani dawa ya malaria inayochanganya viambato zaidi ya kimoja. Waliopewa dawa wakiwazidi waliokutwa na vimelea, ama watu wanatibiwa kwa kukisia, ama vipimo vimekwisha na hakuna aliyetoa taarifa. Kituo kimoja kiliwahi kuleta ripoti ya mwezi yenye wagonjwa wachache mno katikati ya masika. Nilipofungua rejesta nikakuta kurasa zimejaa, ila majumuisho yaliishia katikati ya mwezi kwa sababu mhusika alikwenda likizo. Ripoti ilikuwa imekwisha kutumika kukadiria mgawo wa dawa, na mseto ukaisha mvua zikiwa bado zinanyesha.

Mhudumu wa zahanati:
Kwangu mimi, kipimo cha haraka ndicho kilichobadilisha kazi. Kupima ni rahisi. Kazi ni kumweleza mzazi, ambaye mtoto wake anachemka, kwamba ule mstari mmoja wa udhibiti, unaoonyesha tu kuwa kipimo kimefanya kazi, unamaanisha hakuna malaria iliyoonekana na inatupasa kutafuta chanzo kingine cha homa. Baadhi yao huondoka wakanunue mseto dukani, na hao hawaingii katika rejesta yoyote.

Mama wa mtoto aliyepona:
Mwanangu alipata degedege usiku, akachomwa sindano za artesunate hadi akaweza kumeza. Nilidhani tumemaliza, lakini muuguzi alikataa kuturuhusu kabla sijaelewa dozi ya siku tatu ya mseto: anywe pamoja na chakula, na dozi ya pili ifuate muda wa saa nane tangu ile ya kwanza, hata kama amelala. Namshukuru mno, kwa kuwa asubuhi ile mtoto alikuwa akicheza na ningeiacha dawa.

Nashukuru kwa maelezo haya. China mwaka 2021 na Misri mwaka 2024 zilipata ithibati ya kutokuwa na malaria, ambayo hudai angalau miaka mitatu mfululizo bila maambukizi yanayotokea ndani ya nchi, na hilo halithibitishwi bila kumfuatilia kila mgonjwa. Aliyefanya kazi mahali walipobaki wagonjwa wachache atueleze: mlimfuatiliaje kila mmoja hadi nyumbani, na nani aliendelea kuigharamia kazi hiyo wafadhili walipoona tatizo limekwisha?