Mtu akiwa na picha ya ukurasa wa OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), anaipeleka wapi?

Msafiri_Jogoo
Wadau, habari za usiku. Naulizia kwa niaba ya jirani. Vijana watano walikamatwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni nje ya baa, Eastlands, Nairobi (kituo sikitaji). Wakalala seli mpaka Jumapili. Kila familia ilitoa elfu tatu ndipo wakaachiliwa, risiti hakuna. Mmoja ametoka na mkono uliovunjika. Kituo sasa kinasema alivunjwa na wananchi kabla polisi hawajafika, na kwamba OB inasema hivyo. Jirani ana picha ya ukurasa huo, na ukiutazama unaona mambo hayako sawa. Picha hiyo ipelekwe IPOA (mamlaka huru inayosimamia polisi), Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, au itolewe mitandaoni kwanza? Nisaidieni upesi, usingizi umekata.

Bi_Rukia
Kabla ya picha, tuongee pesa. Dhamana ya polisi ni bure. Mkuu wa kituo akitaka dhamana ya pesa taslimu, anaruhusiwa, lakini unapewa risiti ya serikali papo hapo na pesa hurudishwa kesi ikiisha. Elfu tatu bila risiti ni hongo, haina jina lingine. Na hiyo Ijumaa jioni si bahati mbaya. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, mwisho wake unasogea hadi siku ya korti inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa saa kumi na mbili, wanaweza kukukalia mpaka Jumatatu wakisema wako ndani ya sheria. Familia huogopa wikendi ya seli, inalipa.

Otis_wa_Umoja
Elfu tatu mara watano. Kumi na tano. Hiyo ni mbuzi mzima na soda juu.

Mwinjilisti_Kayole
Tuwe wakweli, vijana wenyewe walikuwa wakitafuta nini baa saa hiyo? Mzazi akilea vizuri, polisi hana kazi naye.

Bi_Rukia
Ndugu mwinjilisti, sheria ya vileo ya 2010 inaruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za wiki. Saa kumi na mbili ni halali kabisa. Hata ingekuwa haramu, adhabu yake si kuvunjwa mkono.

WakiliMkavu
Twende kwa utaratibu. Yule aliyeumia aanzie hospitali, leo kama bado hajaenda. Karatasi za matibabu zina tarehe na saa, na hakuna mtu kituoni anayeweza kuzigusa. Kisha fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, nayo ni bure. Kituo hicho kikikataa kuitoa, aende kituo kingine. Watu hudhani P3 ni ya kuonyesha tu kwamba umeumia. Daktari hutakiwa pia kukadiria jeraha lina umri gani, na ni silaha ya aina gani iliyolisababisha. Mkono uliovunjika Jumamosi usiku hauwezi kuwa umevunjwa na umma Ijumaa jioni. Wakichelewa wiki, makadirio hayo yanalegea na kesi inalegea nayo.

Sasa OB. Wengi wanadhani ikishachafuliwa, ukweli umekwisha. Kituo kina vitabu vingi na ni nadra mtu kukumbuka kuvirekebisha vyote. Kuna kitabu cha seli, kinachoonyesha nani aliingia saa ngapi na akiwa na hali gani ya mwili. Kuna kitabu cha mali za mahabusu: simu, mkanda, pochi, na sahihi ya mwenyewe. Ikiwa kijana alitia sahihi kwa mkono wa kulia Ijumaa na mkono uliovunjika ni huo wa kulia, kazi imekwisha. Kuna kitabu cha silaha, nani alichukua bunduki gani na risasi ngapi, akarudisha saa ngapi. Kuna tiketi ya gari, yaani safari, kilomita na dereva. Na kuna M-Pesa: mara nyingi pesa haziendi kwa afisa, zinaenda kwa wakala wa karibu na kituo. Familia zichukue taarifa zao kwa *334# wakaone kama nambari iliyopokea ni moja kwa wote watano.

Swali langu moja. OB hukaa nyuma ya kaunta. Raia hupewa nambari, au abstrakti, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba ameripoti. Hapewi ukurasa. Nani aliipiga hiyo picha?

Msafiri_Jogoo
Asante wakili. Picha ilipatikana tu. Nilichouliza ni ipelekwe wapi.

Mzee_Kiti
Hii inanikumbusha mambo ya Buruburu enzi zile, nikiwa kijana bado...

Msimamizi
Mzee wetu, hadithi ya Buruburu ina uzi wake na tunaipenda huko huko. Turudi kwenye mada.

Korokoroni
"Ilipatikana tu" haijibu kitu. Kaunta nzima ya ofisi ya ripoti ina watu wawili, wakizidi watatu. Wakubwa wakiiona picha, orodha ya washukiwa ni ya watu hao. Ukurasa unaonyesha nini hasa? Nambari na saa tu, majina yaache.

Msafiri_Jogoo
47 saa 1850. 48 saa 1915. 49 saa 1820. 50 saa 1940. Hiyo 49 ndiyo ya vijana.

Chuma_Chakavu
Nilijua. Uzi wa kubuni huu, jamani. Nambari za OB huanza moja kila siku na hufuatana na saa. Hakuna konstebo anayeandika 1915 kisha arudi 1820, hata akiwa amelewa. Na kama kweli ni njama, mtu aliyeamua kughushi angeandika 1920 asigundulike. Mwandishi huyu anatafuta maudhui ya kupeleka kwingine. Msimamizi, funga.

Otis_wa_Umoja
Afadhali njama ingekuwa na mhariri.

Bi_Rukia
Chuma ana hoja. Jirani hajawahi kutajwa jina wala kazi, na muulizaji anajua saa za OB kwa mtindo wa saa ishirini na nne. Raia wa kawaida angesema saa moja kasorobo.

Korokoroni
Mimi naona kinyume. Saa ikirudi nyuma ndiyo alama ya nafasi iliyoachwa. Mkubwa anasema "ruka mistari minne, nambari iandike, maelezo yatakuja." Maelezo yanakuja Jumapili. Na hawawezi kuandika 1920 ikiwa tiketi ya gari ilishaandikwa kwamba Land Cruiser ilirudi kituoni saa 1820. Walirekebisha OB ifanane na gari, wakasahau jirani zake, 48 na 50. Mtunzi wa hadithi hangefikiria kosa kama hilo. Swali langu ni kwa Msafiri: ni nani aliyeambiwa aruke mistari?

Msafiri_Jogoo
Sawa. Jirani hakuna. Mimi ndiye nilikuwa ofisi ya ripoti. Niliambiwa niache mistari, na Jumapili nikasomewa maneno nikayaandika. Msinihukumu. Konstebo wa miaka miwili hamwambii mkuu wa kituo "hapana". Ukikataa, unapata signali (ujumbe rasmi) ya uhamisho kabla jua halijatua, na mimi yangu nimeshaipata, naripoti kaskazini mwezi ujao. Tena sasa tunaishi nyumba za kupanga mitaani tangu 2018, kila mtu anajua mlango wangu. Picha nimeshamtumia mwanablogu mmoja kwa WhatsApp. Ataitoa Ijumaa. Najua mtasema vibaya, lakini IPOA faili hukaa miaka, mitandao huamsha watu kwa siku moja.

Chuma_Chakavu
Bado siamini asilimia mia. Ila endelea.

Mwinjilisti_Kayole
Ungeshika ukweli tangu Ijumaa. Yusufu alikataa na akaenda gerezani.

WakiliMkavu
Mwinjilisti, Yusufu hakuwa na wakili, huyu anaweza kupata.

Msafiri, usiandike zaidi hapa kuhusu wewe. Wewe ni shahidi na unaweza kugeuzwa mshukiwa, tofauti ni nani atakayefika wa kwanza kwa mpelelezi. "Niliamriwa" haitakutoa yenyewe. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 linasema wazi kuhusu nguvu zisizo halali kwamba amri ya mkubwa si kisingizio, na usitegemee mahakama ikuonee huruma zaidi kwa uongo wa maandishi. Kinachokusaidia ni kujitokeza mapema, na wakili akiwa kando yako kabla hujatia sahihi taarifa yoyote.

Kuhusu mwanablogu, umejikata mguu mara tatu. WhatsApp imeibana picha ikaondoa maelezo ya lini na kwa simu gani ilipigwa. Faili halisi iko kwenye simu yako, usiifute, usiihariri, usibadilishe simu. Kortini picha ya kidijitali huhitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachotiwa sahihi na mtu anayeweza kueleza ilivyopatikana, na huyo ni wewe. Pili, ikitoka hadharani kabla IPOA haijachukua kitabu chenyewe, OB hiyo "itajaa" ghafla, ifunguliwe mpya, ya zamani iende stoo ikaliwe na mchwa. IPOA ina mamlaka ya kuingia kituoni na kuchukua nyaraka. Mwanablogu hana. Tatu, unawapa nafasi ya kukushtaki kwa kutoa siri za kazi, na mjadala utakuwa wewe badala ya mkono uliovunjika.

Bi_Rukia
Na kamera, kama kituo kinazo. Kesi ya Albert Ojwang, aliyefia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi, Juni 2025: kwanza tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani, upasuaji ukaonyesha alipigwa, na IPOA ikakuta mitambo ya kamera imechezewa. Kelele zikitangulia upelelezi, cha kwanza kupotea ni rekodi.

Msafiri_Jogoo
Lakini bila kelele hiyo kesi ya Ojwang ingefika wapi? Mnajua wenyewe. Hata Kitengo cha Ndani ni polisi wanachunguza polisi.

Korokoroni
Hapo hujakosea. Ila tofautisha. Kitengo cha Ndani kimewekwa na kifungu cha 87 cha Sheria hiyo ya Huduma ya Polisi, hakiko chini ya mkuu wa kituo wala kamanda wa kaunti ndogo, kinaripoti kwa Inspekta Jenerali. Kinafaa kwa nidhamu: uhamisho wa kulipiza kisasi, amri mbovu, mkubwa anayelazimisha. IPOA iko nje ya polisi, ni ya raia, na hupokea malalamiko ya polisi pia. Yenyewe haishtaki. Inachunguza, faili inakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na ya nidhamu inapendekezwa kwa Tume ya Huduma ya Polisi. Ucheleweshaji mwingi uko kwenye hizo hatua za kupokezana. Mkono uliovunjika na pesa vipeleke IPOA. Signali ya uhamisho ipeleke Kitengo cha Ndani, nakala kwa Tume, maana uhamisho ni kazi ya Tume chini ya Kifungu cha 246 cha Katiba.

Otis_wa_Umoja
Tatizo ni bajeti. Gari halina mafuta, karatasi hakuna, mlalamishi anaambiwa "tuwezeshe kufika eneo la tukio". Ndiyo maana jopo la Jaji Mkuu mstaafu Maraga kuhusu maslahi ya polisi liliteuliwa, likatoa ripoti Novemba 2023. Mkiwapa polisi mafuta...

Bi_Rukia
Otis, mafuta hayavunji mtu mkono.

Mzee_Kiti
Kijana, mimi nasema nyamaza uende kaskazini. Josephat Mwenda alikuwa bodaboda, alipeleka malalamiko IPOA. Juni 2016 aliuawa pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Hukumu ilikuja Julai 2022. Miaka sita!

WakiliMkavu
Mzee, maafisa watatu na raia mmoja walitiwa hatiani, tusiseme hakuna kilichofanyika. Lakini onyo lako ni la haki, kwa hiyo ulinzi uombwe siku ya kwanza, sio baada ya vitisho. Kuna Shirika la Kulinda Mashahidi, chini ya sheria ya 2006. IPOA ndiyo hupeleka ombi, au wakili wako. Na upande wa zile elfu tatu, kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo ya 2016 kinamlinda mtoa habari na shahidi. Sema kuhusu pesa waziwazi katika taarifa yako, usiziache nje ukidhani ni jambo dogo. Ni mlango wako wa ulinzi.

Mwanablogu mpigie sasa hivi, umwambie asitoe.

Msafiri_Jogoo
Nimempigia. Ameshaweka, dakika ishirini zilizopita. Jina hakuweka ila mwandiko unaonekana.

Chuma_Chakavu
Nimeiona. Mistari ya 49 imebanwa kuliko mingine na wino ni mweusi zaidi. Naondoa neno langu la kubuni.

Korokoroni
Zamu yako inayofuata ni saa ngapi?

Msafiri_Jogoo
Kesho saa kumi na mbili jioni.

Korokoroni
Basi una mchana mzima. Usitoroke kazi, maana ukikosekana zaidi ya siku kumi bila ruhusa sheria inakuhesabu mtoro, na hapo wamepata cha kukufukuza nacho bila kugusa OB.

WakiliMkavu
Saa mbili asubuhi uwe ofisi za IPOA, ACK Garden, First Ngong Avenue, na wakili. Beba simu yenye picha halisi, signali ya uhamisho, kitambulisho cha kazi, na karatasi moja yenye orodha ya vitabu nilivyotaja ili wavichukue vyote siku hiyo hiyo, si OB peke yake. Usipite kituoni kuchukua chochote. Wakikuomba sampuli ya mwandiko, wape bila kusita: mtaalamu wa nyaraka akionyesha kwamba 49 iliandikwa kwa kalamu nyingine ndani ya nafasi iliyobanwa kati ya 48 na 50, neno lako kwamba uliachishwa mistari linapata shahidi wa pili.