Tupeane uzoefu: mchezaji akileta wazo ambalo kanuni hazilijui, mnaamuaje?

Mchezeshaji wa Chake
Assalaam aleikum wanabaraza. Nazungumzia michezo ya uhusika ya mezani: mmoja anaendesha hadithi, wengine kila mtu na mhusika wake, penye shaka dadu inaamua. Hadithi zetu zina majahazi na mashamba ya karafuu, lakini kanuni zimetoka mbali, na hakuna kikao kinachopita bila mtu kutaka kufanya jambo lisilokuwemo kitabuni. Leteni njia mnazotumia na hesabu zake. "Tumia busara" peke yake haimsaidii anayeanza.

Naanza na kimia. Kwa kanuni za mchezo wa Dungeons & Dragons za 2014, wavu unanasa kiumbe mmoja, masafa yake ya kawaida ni futi 5 na mwisho futi 15. Sasa kuna kanuni nyingine: ukirusha silaha huku adui yumo ndani ya futi 5, unarusha kwa hasara, yaani dadu ya pande 20 mara mbili na unahesabiwa ndogo. Ukisogea nyuma umeshapita masafa ya kawaida, hasara palepale. Kwa hivyo wavu hurushwa kwa hasara karibu siku zote, na hakuna mvuvi wa Kojani atakayekubali hilo.

Lakini kabla ya kuitupa kanuni, isome mpaka mwisho. Hasara ya ukaribu haipo ikiwa adui hakuoni. Aliyenyemelea bila kuonekana anarusha bila hasara hiyo, na hapo wachezaji wanaanza kupanga badala ya kulalamika. Kwetu tumeongeza jambo moja: jarife likishikwa na watu wawili, kila mmoja akatoa zamu yake, linanasa maadui wawili waliosimama pamoja. Kujinasua kunabaki kama kitabuni, nguvu dhidi ya kiwango 10 (dadu ukijumlisha na nyongeza ya mhusika ifike 10), au kuukata wavu. Wazo limepita, na limelipiwa zamu mbili.

Bi Hesabu, Mwera
Kinachoua ubunifu zaidi ni dadu nyingi, wala si kanuni kali. Wachezaji wanataka kutoa gunia la karafuu ghalani usiku. Mchezeshaji anaomba dadu ya kufungua kufuli, dadu ya kumpita mlinzi, dadu ya kubeba gunia bila kishindo. Kila moja peke yake ina nafasi ya asilimia 70, inaonekana rahisi. Zote tatu kwa pamoja ni 0.7 × 0.7 × 0.7, kama asilimia 34. Mpango mzuri umegeuzwa kuwa bahati nasibu, na safari ijayo watu watachomoa panga tu kwa sababu panga ni dadu moja.

Dawa: dadu moja kwa mpango mzima, pale penye hatari kubwa kuliko zote. Pengine pote, eleza tu kilichotokea.

Na mtu akija na wazo zuri, usihangaike kushusha kiwango, mpe nafuu: dadu mara mbili, anachukua kubwa. Mwenye nyongeza ya 3 dhidi ya kiwango 15 anahitaji 12 au zaidi, nafasi yake ni asilimia 45. Kwa nafuu inapanda hadi karibu 70, sawa na kama ungemshushia kiwango mpaka 10. Wazo la wastani lisipate hata hiyo.

Dadu Mbili, Wete
Nyie mnatumia dadu ya pande 20, huku kwetu haipatikani. Tunacheza na dadu mbili za ludo, kwa mtindo ulioenea baada ya 2010: ukipata 10 kwenda juu umefanikiwa, 7 mpaka 9 umefanikiwa lakini kuna gharama, 6 kushuka mambo yanaharibika. Bila nyongeza, ushindi kamili ni njia 6 kati ya 36, wa kati ni 15, na kuharibika ni 15. Mwenye nyongeza ya 1 anapata 10, 16 na 10.

Uzuri wake ni kwamba wazo lolote linaingia, hakuna orodha ya silaha. Ugumu uko hapo 7 mpaka 9. Mchezeshaji asiyejitayarisha hurudia gharama ileile, "umeumia kidogo", mpaka watu wachoke. Andika gharama sita pembeni kabla ya kuanza: kelele, muda kupita, kitu kukatika, deni kwa mtu, mwenzako kubaki nyuma, adui kujua jina lako. Tena mwambie mchezaji gharama kabla hajakubali. Ukimficha atakuona umemtega.

Kopa na Shupaza
Ndugu wa Wete, pande 20 unazo kwenye karata. Toa picha zote na jokeri. Chukua kopa kuanzia ree mpaka kumi, hizo ni 1 hadi 10. Shupaza ree mpaka kumi ni 11 hadi 20. Kila ukivuta, rudisha na uchanganye. Msiporudisha, shupaza kubwa zikishatoka watu wanajua zimebaki ndogo, na hakuna atakayethubutu kitu.

Kanuni za bure zipo pia: sehemu ya msingi ya toleo lile la 2014 ilitolewa Januari 2023 kwa leseni huria, mtu anaweza kuitafsiri na kuigawa maadamu anataja chanzo.

Joshini, Mkoani
Kitabu kinasema jahazi linakwenda maili 2 kwa saa. Basi! Hakuna kusi, hakuna kaskazi. Unguja na Pemba zimeachana kama kilomita 50, kwa mwendo huo ni saa 16, upepo wowote uwao. Mezani pakiwa na mtoto wa nahodha mtagombana mpaka alfajiri, na yeye ndiye mwenye haki.

Sisi tunafanya hivi: upepo ukiwa nyuma, mwendo wa kitabu. Ukitoka mbele inabidi kubisha, muda unazidi mara mbili, na kila saa 8 nahodha anarusha dadu kiwango 10. Akishindwa, kitu kimoja kinaharibika: tanga limechanika au foromali imevunjika. Wakiwa na subira wangoje msimu ugeuke, lakini wanaowafukuza watawafikia. Ujuzi wa mchezaji usiupinge, uandikie kanuni fupi itakayomfaa hata asiyejua bahari.

Mwalimu wa Skuli
Hapa nitawapinga kidogo. "Wazo zuri lipite" hugeuka haraka kuwa "msemaji hodari apite". Kijana mkimya kachagua mhusika mwenye nyongeza ya 5 kwenye ushawishi, kwa sababu mwenyewe hana hiyo. Ukimtaka ahutubie diwani kwa ufasaha umemnyang'anya alichochagua, na yule mwenye ulimi anawashawishi walinzi wote bila kurusha kitu. Hiyo ni dhulma na inafukuza watu mezani.

Waulize wote maswali mawili tu: unataka nini kwake, na unamgusa kwa lipi? "Nataka atufungulie, namkumbusha deni la babaake" inatosha, hata ikisemwa kwa kunong'ona. Kisha dadu. Hotuba nzuri isivuke nafuu moja.

Jambo jingine kwa wanaochezesha vijana: kabla ya kikao cha kwanza kubalianeni ni mambo gani hayaingii. Mashetani na uganga kwetu si hadithi za mbali, kuna nyumba zimeguswa. Mchezaji akisema hilo silitaki, liondoe bila kumuuliza sababu.

Mchezeshaji wa Chake
Ahsanteni. Mwalimu, ubishi huu una umri mrefu kuliko michezo yetu. Maofisa wa jeshi la Prusia, dola ya Kijerumani ya zamani, walikuwa na mchezo wa vita wa mezani wenye kanuni zilizochapishwa 1824, na mwaka 1876 ofisa mwenzao, Verdy du Vernois, akapendekeza majedwali yawekwe kando, mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Mchezo ukaenda mbio, ila sasa kila kitu kilimtegemea mwamuzi.

Kwa hiyo nashika daftari. Uamuzi wa papo kwa papo unachukua dakika mbili, ukizidi hapo narusha dadu kiwango 15 na tunaendelea. Naandika mstari mmoja: nani, nini, kiwango gani. Mwisho wa kikao tunausoma pamoja, wachezaji wanapiga kura ubaki au ufe. Ukibaki unawahusu wote, adui naye. Siku maharamia walipokuja na jarife la watu wawili, hakuna aliyebisha.