Mshauri wa masomo kasaini fomu zangu zote sita bila kuzisoma, leo naambiwa sihitimu

Wakuu habari za jioni. Naandika nina hasira, mtanisamehe uzi ukienda mrefu.

Mimi ni mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Mwanza, chuo sikitaji. Matokeo ya semista ya mwisho yametoka juzi, sina sapu (mtihani wa kurudia) sina keri (kozi ya kubeba kwenda mwaka unaofuata), GPA, yaani wastani wa alama, 3.6, apa sekondi kabisa, daraja la pili la juu, nikampigia mama pale Mwaloni Kirumba anakouza dagaa nikamwambia mama nimemaliza, nikamsikia anawapigia kelele wenzake mwanangu kamaliza chuo jamani. Jumatatu naenda idarani kuuliza mbona sipo kwenye listi ya wahitimu, naambiwa krediti, zile pointi za uzito wa kila kozi, hazijatimia. Zinatakiwa 360, mimi nina 350.

Nikabisha, maana nikijumlisha mwenyewe zinafika 360 kamili. Sekretari akafungua prospektasi, kile kitabu cha mwongozo wa kozi za chuo, akaniwekea kidole kwenye kimstari kimoja cha maandishi madogo chini ya jedwali, kwamba mwaka wa pili semista ya pili unachagua kozi moja kundi A na moja kundi B. Mimi nilichukua zote mbili kundi A. Hiyo ya pili haihesabiki. Mfumo uliikubali, nikahudhuria, nikafanya mtihani, nikapata B+, haihesabiki! Na ya kundi B inafundishwa semista ya pili tu, kwa hiyo nikae mpaka mwakani nisubiri kozi moja ya krediti 10, kodi ya chumba Buhongwa juu yangu, ada ya hiyo kozi juu yangu, na bumu, ile hela ya kujikimu, hakuna kwa sababu Bodi ya Mikopo ilinipa mkopo wa miaka mitatu ya programu na miaka imeisha.

Mtasema kosa langu, ningesoma prospektasi. Sawa, sikukiona kile kimstari. Ila mniambie, yule mshauri wa masomo aliwekwa pale afanye kazi gani? Kila semista kabla hujasajili kozi unajaza fomu, unampelekea, anatakiwa akae na wewe aangalie umeshasoma nini, kimebaki nini, ulichochagua kinaingia kwenye digrii yako au hakiingii, GPA yako inapanda au inashuka, halafu ndo asaini. Ile saini maana yake nimeangalia, yupo sawa. Bila hiyo saini idara haipokei fomu yako, sasa kama haina kazi kwa nini mnaidai?

Semista hiyohiyo iliyoniponza nilimsubiri mlangoni siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta parking anaondoka, akaweka fomu juu ya boneti ya gari, akaomba kalamu yangu, akasaini huku simu ipo sikioni. Kurasa hakufungua. Mwaka wa tatu ndo akaniuliza "kwani wewe uko programu gani?" Miaka mitatu mtu ananisainia hajui nasoma nini.

Najua na wao wamebanwa. Wanafundisha madarasa ya watu mia nne, wanasahihisha, wanapandishwa vyeo kwa machapisho, na sijasikia lekchara kapandishwa cheo kwa kushauri wanafunzi vizuri. Mimi nilipoingia nilikuta jina langu limebandikwa ubaoni chini ya jina lake, ukurasa mzima na nusu wa watu chini ya mtu mmoja. Hilo ni la uongozi, silikatai. Lakini anayebaki nyumbani ni mimi.

Na kinachoniuma zaidi, mwenzangu ambaye baba yake kasoma chuo anapiga simu nyumbani anaelekezwa. Mimi ndo wa kwanza kwetu. Mama anajua gunia la dagaa limekauka au bado kwa kulishika tu, ila krediti hajui, ananiuliza umefaulu? namjibu ndiyo mama, basi. Sisi watu wa namna hii huyo mshauri ndo mtu pekee tuliye naye pale chuoni. Rumeti wangu wa mwaka wa kwanza, kijana wa Ukerewe, semista ya kwanza alikamata sapu tano na hakuna aliyemwita kumuuliza una shida gani, mwisho wa mwaka GPA ikaanguka chini ya 2.0 akadisko, yaani akaondolewa chuo, akabeba godoro lake akapanda meli ya Nansio. Alikuwa na mshauri na yeye, jina lake lilikuwa palepale ubaoni.

Wakuu, kuna mtu humu ameshakata rufaa seneti, kile chombo cha juu cha taaluma chuoni, kwa kesi ya namna hii akaruhusiwa ile kozi ihesabike au apewe mtihani maalumu? Barua ulimwandikia nani, ulipitishia kwa mkuu wa idara au ulienda moja kwa moja? Nakala za fomu zote sita ninazo, saini ni ileile moja, na Jumatatu ijayo narudi nazo idarani. Mama bado sijamwambia.