Tupeane uzoefu: nyanya chotara za bustani ya nyumbani, ulizichaguaje na zilikupa nini?

Bustani ya Uani (Kimara, Dar es Salaam)

Habari za jioni, wakulima wenzangu. Nataka tuongee kuhusu nyanya chotara za kupanda nyumbani, ila nawaomba tusipeane majina ya mbegu matupu. Kila mtu aseme yuko wapi, udongo wake ukoje na nini kilikuwa kinamuulia nyanya, kisha ndipo ataje mbegu. Naanza mimi, mtaona kwa nini.

Uani kwangu pana matuta manne. Nilikuwa napanda Tanya, mbegu ya kawaida isiyo chotara, na misimu miwili ya mwanzo tulikula nyanya mpaka tukagawia majirani. Msimu wa tatu miche ikashika vizuri, ikatoa maua, halafu siku moja saa saba mchana nikakuta mche mmoja umelala, majani yakiwa bado mabichi kabisa. Nikamwagilia. Jioni ukainuka, kesho yake ukalala tena, siku ya nne umekufa. Baada ya wiki mbili tuta zima limekwisha. Dukani nikashauriwa nibadilishe mbegu, nikanunua chotara ya bei kubwa. Nayo ikalala. Nikanunua nyingine. Ikalala.

Aliyenifumbua macho ni afisa ugani wa kata. Alikata kipande cha shina cha urefu wa kidole, karibu na ardhi, akakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi na kuniambia nitulie nitazame. Hazikupita dakika tano, kitu cheupe kama uzi wa maziwa kikaanza kushuka kutoka kwenye shina hadi chini ya glasi. Akasema huo ni mnyauko bakteria, na makazi yake ni udongo wangu. Nikaenda kuzitoa zile pakiti mbili nilizozihifadhi. Zote zilikuwa zinastahimili virusi na mnyauko fusari, ambao unaletwa na kuvu. Bakteria haikutajwa popote. Nilikuwa nimelipia kinga ya maradhi ambayo sina.

Sasa nimepanda miche 12 ya Imara F1, ambayo inauzwa kama mbegu inayostahimili mnyauko bakteria. Sita iko kwenye tuta lile lile, sita kwenye ndoo za lita 20 zenye udongo nilioutoa kwingine. Nitarudi kuwaambia.

Mzee wa Mifereji (Machame, Kilimanjaro)

Binti yangu, hiyo glasi ya maji kila mwenye bustani aijue. Umeokoa wengi kwa kuieleza.

Mimi naongezea jambo la pakiti. Watu wanaangalia picha ya nyanya nyekundu, wanaziruka herufi. Herufi ndizo mbegu yenyewe. V ni mnyauko wa vetisilia, nao wa kuvu. F ni mnyauko fusari. N ni minyoo fundo, ile inayojaza mizizi vinundu. T ni virusi vya mosaiki ya tumbaku. Ukiona TYLCV, hivyo ni virusi vya kujikunja kwa majani, ambavyo wakulima wengi wanaita rasta. Na tafadhali msichanganye: ile F1 iliyo mwisho wa jina haihusiani na fusari. Inamaanisha kizazi cha kwanza cha chotara, yaani mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa makusudi.

Huku kwetu mlimani adui ni ugonjwa wa majani uitwao bakajani chelewa. Mvua za masika zikishika na ukungu ukakaa hadi saa nne asubuhi, majani yanaungua kama yamemwagiwa maji ya moto. Nimepanda chotara kadhaa, na sijapata hata moja ya kuiacha kwenye mvua nikaenda kulala. Kilichonisaidia ni paa: miti minne, nailoni nyeupe juu, pembeni wazi upepo upite. Ugonjwa huu unataka jani lililolowa. Ukilinyima jani unyevu, umepunguza sana haja ya dawa. Namwagilia chini kwenye shina, napanda kwa nafasi ya sentimita 60, na majani yanayogusa ardhi nayaondoa.

Kachumbari Kila Siku (Dodoma)

Shikamoo mzee. Kwangu ni rasta tu. Nzi weupe wanaoeneza virusi hivyo wakiwahi mche ukiwa mdogo, unadumaa, majani yanajikunja na kuwa ya njano pembeni, maua yanapukutika. Nilihamia Assila F1 kwa ajili ya hivyo virusi na tofauti niliiona. Lakini msidhani kustahimili ni kutougua. Kitalu changu nakifunika kwa chandarua chenye matundu madogo tangu siku ya kusia hadi siku ya kuhamisha. Mwaka niliopuuza chandarua, hata hiyo chotara ilizaa kidogo.

Mama Pacha (Nakuru, Kenya)

Hamjambo nyote. Mimi nilianza vibaya, naeleza ili mwingine asipite huko.

Nilimwona dada mmoja wa kanisani na Anna F1, matunda yamepangana kama shanga kutoka chini hadi juu ya kichwa chake. Nikanunua mbegu hiyo hiyo na kuipanda nyuma ya nyumba pasipo kamba wala kupogoa, kama nilivyozoea na nyanya fupi ya Cal J. Miezi miwili baadaye nilikuwa na kichaka. Matunda yalikuwa ndani ya majani, nusu yake yameoza kwa kulala chini.

Mbegu haikuwa na kosa. Anna ni nyanya ndefu, haiachi kurefuka, nami niliitunza kama nyanya fupi. Fupi inafika kimo chake, inazaa karibu kwa pamoja, inamaliza. Ndefu inakudai kamba, mti wa kushikilia na mkono wako kila wiki: unaacha shina moja au mawili na kuyavunja machipukizi yote yanayotoka kwapani mwa majani yakiwa bado madogo. Sasa ninayo kwenye kibanda cha nailoni, miche 40 tu, na nachuma ndoo kidogo kidogo kwa miezi. Mtu mwenye kazi ya kuajiriwa anayerudi saa moja jioni, namshauri achukue fupi kama Kilele F1. Aache ndefu mpaka apate muda.

Halafu mnunue mbegu mahali penye jina la kutunza. Pakiti za huku zina kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mbegu na afya ya mimea: unakikwangua, unatuma namba kwa simu, unajibiwa kama mbegu ni halali. Nilishauziwa pakiti isiyo na kibandiko kwenye duka moja, nikapata nyanya za maumbo matatu.

Pwani Mchanga (Unguja)

Naomba niongelee joto, kwani watu wa bara hawalijui kama sisi.

Nyanya ikishatoa maua inataka usiku wenye ubaridi kidogo. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, usiku wetu hauna nafuu yoyote: chavua inakufa, ua linakauka kwenye kikonyo na kudondoka. Nilipoteza misimu mitatu nikifikiri ni upungufu wa mbolea, naongeza, mti unanenepa majani na tunda hakuna. Siku hizi nasia mwezi wa tano, mvua za masika zikielekea kukatika, ili maua yaangukie kipupwe, Julai na Agosti. Mbegu ile ile, tuta lile lile, matunda yanashika. Kwa mtu wa pwani, kalenda inatangulia mbegu.

Udongo wangu ni mchanga, na minyoo fundo imejaa. Nilichagua chotara yenye N na bado nikakuta vinundu kwenye mizizi, nikakasirika. Kisha nikajifunza kwamba kinga hiyo inalegea udongo ukizidi nyuzi 28 hivi. Mchanga mtupu juani unapita hapo bila shida! Sasa naweka matandazo ya makuti makavu na nyasi, tabaka la kiganja kizima, na kivuli chepesi upande wa magharibi. Vinundu bado vipo, ila vichache, na mti unafika mwisho.

Kijana wa Ilula (Iringa)

Huku nyanya ni biashara, nyumbani tunajaribia tu. Nataka kusema kuhusu kutunza mbegu, maana naona swali hilo kila mara.

Nilichuma tunda zuri kuliko yote la chotara, nikatoa mbegu, nikaziloweka, nikazikausha kwa majivu kama bibi alivyokuwa akifanya. Msimu uliofuata miche 30 ikatoa kila aina: nyingine duara, nyingine ndefu, moja ilizaa vitunda kama gololi. Zile zilizostahimili ugonjwa zilikuwa kama tano. Chotara ikijizalisha, sifa za wazazi zinagawanyika upya na hujui mche upi umerithi nini. Kula tulikula, ila huwezi kuitegemea.

Kwa hiyo bibi anabaki na Tengeru 97, ambayo unaweza kutunza mbegu yake kila mwaka na inabaki yenyewe, nami nina tuta la chotara pembeni. Gramu moja ya mbegu ya nyanya ina punje kama 300. Bustani ya nyumbani inahitaji punje 15. Tafuteni majirani mchangie pakiti.

Kachumbari Kila Siku (Dodoma)

Na kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda, je? Kuna mbegu isiyoliwa?

Kijana wa Ilula (Iringa)

Sijaiona dukani. Yule mdudu aliingia nchini 2014 na anatoboa chotara na ya kawaida vilevile. Bustani ndogo ina faida moja: unaweza kuipitia jani kwa jani. Ukiona jani lina njia nyeupe kama limechorwa ndani, lichume, funga kwenye mfuko mweusi, acha juani. Tunda lenye tundu usilitupe chini ya mti. Na usipande nyanya mpya kando ya nyanya zinazozeeka.

Mama wa Miche (Tengeru, Arusha)

Dada wa Kimara, kama mnyauko bakteria umeshika udongo, kuna njia nyingine: kubebesha nyanya juu ya shina la bilinganya. World Vegetable Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, imependekeza bilinganya EG203 kwa kazi hii. Si kila bilinganya inafaa, kwani zipo zinazokufa na mnyauko huo huo.

Unasia bilinganya kwanza, kwa sababu inakua polepole, na nyanya baada ya siku tano hadi saba. Mashina yakifikia unene wa milimita 2 hivi, unakata yote mawili kwa mshazari mmoja kwa wembe safi, unaunganisha na kushikiza kwa kipande cha mpira mwembamba kilichopasuliwa. Kisha unaweka ndani ya boksi lenye giza na unyevu, siku mbili tatu, halafu unaifungulia mwanga kidogo kidogo mpaka wiki iishe. Mara ya kwanza kati ya miche 20 nilipata 6. Sasa napata 15 au 16. Siku ya kupanda, kiungo kibaki juu ya udongo kabisa. Kikizikwa, nyanya inatoa mizizi yake yenyewe na bakteria inaingia kupitia hapo.

Uzuri wake, juu unaweka nyanya unayoipenda wewe.

Bustani ya Uani (Kimara, Dar es Salaam), miezi mitatu baadaye

Nimerudi kama nilivyoahidi. Kwenye ndoo, miche yote sita imezaa, ingawa miwili matunda yake yalioza kitako kwa sababu nilisafiri na maji yakakatika siku nne. Kwenye tuta lenye ugonjwa, minne imezaa na miwili ililala. Niliing'oa na udongo wake, nikachoma. Jembe la tuta lile sasa silitumii pengine.

Nilikuwa sijachuma nyanya kwenye tuta hilo kwa mwaka mzima. Jana nimechuma sado moja.

Mama wa Miche, EG203 nimeagiza kupitia mtu wa Arusha, nasia Jumamosi. Juu yake nataka kubebesha Tanya. Naomba uniambie ule mpira wa kushikiza unautoa siku ya ngapi, au unadondoka wenyewe?

Mama wa Miche (Tengeru, Arusha)

Usiutoe, mdogo wangu. Shina likinenepa linausukuma wenyewe.