Makande ya watu 18 kambini, sufuria moja, bila nyama: maharage niloweke kwa saa ngapi?

Mshika_Bajeti:
Habari za jioni wakuu. Ijumaa ijayo kikundi chetu kinaenda kulala kwenye mahema usiku mmoja, na chakula nimetupiwa mimi. Kuna Wasabato, Wahindu wawili, na Wakatoliki walio kwenye Kwaresima. Kwa hiyo nyama haipo kabisa, na kipikwe chakula kimoja cha kushibisha. Nimechagua makande. Swali langu ni hilo la kuloweka tu, msinitoe nje ya mstari, presha yenyewe iko juu.

Babu_Jiko:
Presha ya mwilini unayo. Ya kupikia je? Halafu kambi bila nyama siyo kambi, hiyo ni novena.

Mwiko_Mrefu:
Saa 8 hadi 12, maji mara tatu ya maharage. Yamwage, pikia maji mapya. Mahindi nayo loweka usiku kucha, chombo chake. Nyanya, ndimu au ukwaju visiingie kabla punje haijapondeka kati ya vidole viwili, maana uchachu unakaza ganda na utachochea moto mpaka asubuhi bure. Kambi iko wapi, na mnaanza kupika saa ngapi?

Binti_Korogwe:
Achana na makande, mwenyewe utanishukuru. Viazi mviringo kilo 5, adesi nyekundu kilo moja na nusu, karoti kilo moja, kabichi moja kubwa, tui la kopo 4 za ml 400. Kaanga vitunguu na tangawizi, tia adesi na maji lita 5, dakika 15 baadaye viazi, kabichi mwishoni. Tui likiingia koroga mpaka lichemke, ukiliacha linakatika. Ndani ya saa moja watu wanakula.

Mshika_Bajeti:
Dada asante, ila makande yamepita kwenye kikao. Kambi iko huko juu, kuna kabaridi. Tunafika jioni.

Mwiko_Mrefu:
Juu wapi mkuu? Lushoto ni juu, Kilimanjaro ni juu.

Mshika_Bajeti:
Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Tunapanda kutoka kreta saa 12 jioni, saa 2 watu wale. Lakini jamani nimeshanunua: maharage mekundu kilo 4, mahindi makavu kilo 6, yale ya gunia, hayajakobolewa. Sufuria la lita 20 nimeazima. Mtungi wa gesi wa kilo 6 upo na kichwa chake. Sibadilishi kitu, watu wameshachanga.

Mwiko_Mrefu:
Hilo ndilo ungeanza nalo. Kila mita 300 unazopanda, maji yanachemka kwa karibu nyuzi moja pungufu. Hapo uko juu ya mita 2,200, maji yatakuwa yanarukaruka kwenye nyuzi 92 au 93. Povu utaliona, mvuke utauona, punje iko vilevile. Mahindi yenye ganda hayo, saa 2 zitapita, saa 5 zitapita. Na maharage mekundu yaliyoiva nusu yana sumu inayotapisha ndani ya saa chache. Hata magadi hayatakuokoa: robo kijiko cha chai kwa kilo yanalainisha, ukizidisha chakula kinanuka sabuni.

Kuhusu gesi, kichwa kinachokaa juu ya mtungi mdogo hakijatengenezwa kubeba sufuria la lita 20 lililojaa. Linayumba, na upepo wa ukingoni unajulikana. Tafuta jiko la chini lenye miguu na mpira.

Mshika_Bajeti:
Nikianza na maji ya moto ya chupa je? Na nikifunika vizuri?

Mwiko_Mrefu:
Unaokoa dakika za kuchemsha maji. Za kuivisha ziko palepale.

Mzee_wa_Sabato:
Mmesahau jambo. Jua likizama Ijumaa Sabato imeingia. Ijumaa ni siku ya maandalio, chakula kinapikwa mapema. Utawapikia Wasabato saa 1 usiku kisha useme umewajali? Kupasha moto wengi hawana shida nako, lakini waulize wenyewe kabla ya safari.

Kipenga:
Chai hii. Kilo 10 za nafaka kavu kwa watu 18 ni zaidi ya nusu kilo kwa kichwa. Hata jeshini hawali hivyo. Akaunti ina siku mbili, na stori inaongezeka kila tukiuliza. Subirini, sasa hivi anaingia muuza presha na namba yake ya simu.

Babu_Jiko:
Leteni maandazi, chai imeshaletwa.

Mshika_Bajeti:
Siuzi kitu! 18 ni waliochanga. Kuna madereva watatu na wenzetu watatu tunawachukua Karatu. Madereva nilidhani wanajitegemea.

Kipenga:
Kwa hiyo ni 24. Na dereva aliyekuzungusha kreta kutwa ungemwacha ananusa sufuria. Haya, chai imepungua sukari, endeleeni.

Mwiko_Mrefu:
Watu 24: mahindi kilo 2 na nusu, maharage kilo 1 na nusu. Yakiiva ni kama kilo 10, ukiongeza viungo 14, lita 20 zinatosha. Zile kilo 10 zako zingefika 25 na kumwagikia jiko. Mahindi peleka mashine yakobolewe, yanayobaki rudisha dukani.

Jumatano asubuhi loweka. Jioni chemsha nyumbani Arusha, maharage peke yake na mahindi peke yake. Ukipata presha usivuke nusu yake, povu la maharage linaziba tundu la mvuke. Yakilainika tandaza kwenye masinia yapoe upesi, usiyafunike ya moto kwenye ndoo, ndipo yanapochachia. Gandisha kwenye mifuko bapa ya kilo mbili mbili. Rosti nayo ipikwe nyumbani: vitunguu kilo moja, nyanya kilo moja na nusu, hoho 6, mafuta robo lita. Igandishe pia. Ijumaa vyote ndani ya sanduku la barafu, lisifunguliwe kreta.

Kambini: rosti kwanza, mahindi na maharage, maji lita 2, chumvi vijiko 5 vya mezani kisha onja. Ikichemka mpaka katikati tia tui la kopo 4. Koroga kutoka chini, tui linashika sufuria la aluminiamu haraka.

Binti_Korogwe:
Na karanga usitie kabla ya kuuliza nani ana mzio. Sufuria likiisha lioshwe usiku uleule, mabaki yasiachwe nje ya jiko la kambi. Hapo Simba tembo wanakuja kunywa maji na nguruwe pori wanapita.

Mshika_Bajeti:
Sawa. Gandisho la friji yangu ni dogo, mifuko saba haiingii.

Mzee_wa_Sabato:
Waliochanga 18, hakuna hata mmoja mwenye friji?